Kustaafu Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa Newala, wauguzi wa Nachingwea, madereva wa Mtwara mjini, na wakulima wa Tandahimba na Ruangwa ambao hawajawahi kuwa na mwajiri. Yamepangwa kufuata mwendo wa mambo: kabla ya kustaafu, fedha zinapoingia, na maisha baada ya hapo. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nalo ni mwaka wa kwanza. Fedha nyingi za wastaafu wa kusini hupotea ndani ya miezi kumi na miwili ya mwanzo, na mara nyingi mwenyewe hawezi kusema zimekwenda wapi.

Nianze kujiandaa lini?

Kama una miaka 55 na hujaanza, anza mwezi huu. Mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na kwa lazima ni 60. Kwa hiyo kati ya 55 na 60 una miaka mitano ya kazi za maandalizi.

Miaka mitano kabla, acha kuchukua mkopo ambao marejesho yake yatavuka tarehe ya kustaafu. Miaka mitatu kabla, chukua taarifa ya michango yako na ulinganishe mwezi kwa mwezi na salari slipu zako. Mwezi uliorukwa mwaka 2009 ni rahisi kuufuatilia leo, wakati mwajiri bado anakujua na jalada lako bado lipo kabatini, kuliko siku umekuja kutoka Kitangari na mkoba wa nguo. Mwaka mmoja kabla, kusanya nyaraka zote. Miezi sita kabla, peleka notisi kwa maandishi, hasa kama unastaafu kwa hiari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkupuo wangu, yaani fedha ya mara moja, utakuwa kiasi gani?

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kinachotumika tangu tarehe 1 Julai 2022 ni kimoja kwa PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) na NSSF (mfuko wa sekta binafsi na waliojiajiri). Unahitaji namba mbili tu: miezi uliyochangia, na wastani wa mshahara wako wa mwaka. Wastani huo ni wa miaka mitatu yenye mishahara bora ndani ya miaka kumi ya mwisho.

Chukua miezi, gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Sehemu yake inageuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa na 12.5, na sehemu inayobaki inagawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi.

Tuseme mwalimu ana miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wa Sh 1,200,000 kwa mwezi, sawa na Sh 14,400,000 kwa mwaka. Mara 360, gawanya kwa 580, inakuwa Sh 8,937,931. Kama sehemu yake inayogeuzwa mkupuo ni asilimia 40, atapata Sh 44,689,655 kwa mkono mmoja, na pensheni ya Sh 446,897 kila mwezi.

Fanya hesabu hii kwa kalamu yako kabla hujasikia ya mtu mwingine. Wengi hupanga nyumba, gari na shamba kwa kutumia kiwango alichopata jirani aliyestaafu kabla ya 2022, na kikokotoo chake kilikuwa kingine.

Mbona wenzangu wawili wenye mshahara sawa wamepata mkupuo tofauti?

Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikaupandisha kwa makundi mawili: asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa nusu kwa mkupuo, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa robo. Kundi la kwanza ndio waliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018.

Mwalimu wetu wa mfano, akiwa kundi la asilimia 35, angepata mkupuo wa Sh 39,103,448 na pensheni ya Sh 484,138 kwa mwezi. Mkupuo umepungua kwa Sh 5,586,207, pensheni imepanda kwa Sh 37,241. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 akifika 72 na nusu, mwenye mkupuo mdogo ameshafidia tofauti yote, na kuanzia hapo anazidi. Kwa hiyo mkupuo mdogo haumaanishi umedhulumiwa. Fedha ile ile inakufikia kwa mwendo mwingine. Kwa maoni yetu, kwa mtu mwenye afya na mwenye ndugu wengi wanaomtazama, shilingi inayoingia kila mwezi ni salama kuliko shilingi iliyoingia mara moja.

Nimechangia miezi 170 tu. Nitapata pensheni?

Hapana. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Chini ya hapo unalipwa mkupuo peke yake, na hapo habari ya kila mwezi imekwisha. Ndiyo maana aliyebakisha miezi michache asikimbilie kustaafu kwa hiari. Kwanza hakikisha hakuna mwezi uliosahauliwa kwenye taarifa yako.

Nyaraka zipi hukwamisha watu zaidi?

Majina. Barua ya ajira ya kwanza inasema Hamis, kitambulisho cha NIDA kinasema Hamisi, akaunti ya benki inasema Hamisi S. Jina lenye ng', kama Nang'ombe, mahali pengine limeandikwa Nangombe. Mwanamke alianza kazi kwa jina la baba, akaolewa, akaanza kutumia la mume. Kwa macho ya mtu ni mtu yule yule. Kwa mfumo wa malipo ni watu wawili. Njia ya kurekebisha ni kiapo mbele ya wakili au mahakamani, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha mwajiri, NIDA, benki na mfuko wote wapate nakala. Kazi hiyo huchukua miezi, kwa hiyo usiianze mwezi wa kustaafu.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Inayotumika ni ile uliyoandika ulipoajiriwa, si ile uliyoikumbuka baadaye.

Nyingine za kuweka kwenye bahasha moja: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo cha mwisho, salari slipu ya mwisho, barua au kibali cha kustaafu, picha za pasipoti, namba ya NIDA, taarifa za akaunti ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Cheti cha ndoa wengi hawana, hasa waliofunga ndoa kijijini miaka ya nyuma. Kishughulikie sasa, kwa sababu mwenzi wako ndiye atakayekihitaji siku wewe haupo kueleza.

Mimi ni mkulima, au mvuvi, au mama lishe. Sina mwajiri. Kuna pensheni kwa ajili yangu?

Ipo. NSSF inapokea wanachama waliojiajiri, na michango inaweza kulipwa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Neno msimu ndilo la kushika. Mkulima wa korosho hana sababu ya kuhangaika kila mwezi Mei na Juni wakati mfukoni hamna kitu. Malipo ya mnada yakiingia Novemba, toa mchango wa miezi yote ya mbele kwa mara moja. Jisajili na kitambulisho cha NIDA, pata kumbukumbu namba ya malipo, lipa kwa simu au benki, usimpe mtu taslimu akupelekee. Kumbuka miezi ile ile 180: mwenye miaka 40 akianza leo ana nafasi ya kutosha, mwenye 52 lazima ahesabu.

Kinachoharibika hapa ni kuacha katikati. Msimu wa bei mbaya ukija, mtu anasema nitalipa mwakani, na mwakani hailipwi miaka miwili. Changia kidogo unachokiweza hata msimu mbaya, kuliko kingi msimu mmoja tu.

Mkupuo umeingia leo. Nifanye nini wiki ya kwanza?

Lipa madeni yenye riba kubwa. Baada ya hapo, usinunue chochote kwa siku tisini. Ni ushauri unaoudhi, lakini ndio unaookoa wengi.

Siku tisini hizo fedha zisikae kwenye akaunti ile inayofunguka kwa kadi yako au kwa simu yako, kwa sababu zitachotwa laki moja moja. Zipeleke mahali ambapo kuzitoa kunachukua siku kadhaa. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa mfano, unaanza na Sh 100,000, na ukiomba fedha yako unalipwa ndani ya siku tatu za kazi. Hizo siku tatu ni ulinzi. Ndugu akija usiku na shida yake, una jibu la kweli: fedha haipo hapa.

Siku tisini zikiisha, tenga kwanza matumizi ya nyumbani ya miezi sita na uyaache huko huko. Kisha malizia nyumba unayoishi, kama haijaisha. Kisha tafuta kitu kinacholeta fedha ya kila mwezi. Mradi uje wa mwisho, na usizidi robo ya mkupuo. Kwa mwalimu wa Sh 44,689,655, robo ni kama milioni kumi na moja. Mradi ukifa wote, bado unakula na bado una paa.

Fiksi ya benki, UTT, au hatifungani za Serikali?

Fiksi ni nyepesi kueleweka: unaweka kwa miezi kadhaa, riba inajulikana, na kodi ya asilimia 10 inakatwa kwenye riba. Ukiivunja katikati unapoteza riba yote au sehemu kubwa.

Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS una mpango wa gawio la kila mwezi kwa mwenye kuanzia Sh 10,000,000, na la kila nusu mwaka kwa mwenye kuanzia Sh 5,000,000. Wasiotaka gawio huanza na Sh 50,000 na kuiacha ikue. Mstaafu hapa anataka lile la kila mwezi, likae juu ya pensheni. Elewa tu kwamba thamani ya kipande, yaani sehemu yako ndani ya mfuko, hupanda na kushuka, hakuna aliyekuwekea dhamana ya faida.

Hatifungani za Serikali, ambazo ni wewe kuikopesha Serikali, unanunua kupitia benki au wakala wa soko la hisa, kuanzia Sh 1,000,000, baada ya kufunguliwa akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za umiliki wako. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Za miaka 20 au 25 zinatafutwa sana kwa riba yake, lakini jiulize ni nani atapokea mtaji zikiiva. Ukihitaji fedha kabla ya muda itakubidi uziuze sokoni kwa bei ya siku hiyo. Chagua tarehe za riba ziangukie miezi yako mikavu. Kwa huku kwetu hiyo ni Machi hadi Septemba.

Ninunue shamba la mikorosho?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na jibu linategemea nani atakuwa shambani mwezi wa saba alfajiri.

Mkorosho unataka nafasi ya mita 12 kwa 12. Hiyo ni miti kama 28 kwa ekari. Ekari nne ni miti 112. Ukipanda miche mipya, shimo la sentimita 60 kila upande, mwanzo wa mvua, utaanza kuona korosho mwaka wa tatu, na mavuno ya kuhesabika ni baadaye zaidi. Aliyestaafu na miaka 60 anapanda kwa ajili ya miaka 67. Si vibaya, mradi ajue. Miaka ya mwanzo panda karanga, kunde au njugumawe katikati, kwa sababu jua bado linafika chini na palizi utaifanya tu.

Ukinunua shamba lenye miti, usitazame ukubwa wa miti. Mikorosho mikubwa iliyobanana, matawi yamegusana, haizai katikati. Inazaa ukingoni tu penye jua. Hesabu miti, kisha muulize muuzaji akuonyeshe malipo yake ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ya misimu mitatu. Karatasi hizo zinasema kilo. Maneno ya mdomo hayasemi kilo. Miti mizee inaweza kukatwa na kubadilishwa kichwa kwa kubebesha vikonyo vya aina bora. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Mtwara mjini, ndio wenye aina hizo na ujuzi huo.

Halafu salfa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, hushambulia maua, na ua lililoungua halitoi korosho. Upuliziaji huanza machipukizi ya maua yanapotokeza, kwa kawaida kuanzia Juni, kisha unarudiwa kila wiki mbili hadi tatu, mizunguko kama mitano. Ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko. Kwa miti 112 ni kilo 28 kila mzunguko, kilo 140 kwa msimu. Hupulizwa alfajiri upepo haujaamka. Ukianza saa tatu unga wote unakwenda kwa jirani. Kosa la kawaida ni kuchelewa mzunguko wa kwanza kwa sababu pembejeo hazijanunuliwa, na ile minne inayofuata haiwezi kurudisha maua yaliyokufa. Kuna pia mdudu aitwaye mbu wa mikorosho na ugonjwa wa blaiti, ambavyo salfa haivitibu. Vina dawa zake za maji.

Korosho zikianguka, ziokote kila siku mbili tatu, zitenganishe na mabibo, anika siku mbili hadi tatu mpaka ukizitikisa zinalia. Weka kwenye magunia ya katani, si viroba vya plastiki, maana kwenye kiroba zinatoka jasho na kuvunda, na ghalani zinahesabiwa daraja la chini.

Hesabu ya mapato iwe ya mtu mwoga. Msimu wa 2023/24 bei mnadani zilikuwa kwenye Sh 2,000 hivi kwa kilo. Msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo ikavuka Sh 4,000. Anayepanga maisha kwa elfu nne ataumia. Miti 112 kwa kilo sita kila mmoja ni kilo 672. Pigia Sh 1,500, ni Sh 1,008,000, kabla ya makato ya ushirika na ushuru, kabla ya salfa, palizi na waokotaji. Kama hesabu hiyo bado inakuridhisha, nunua. Bei ikipanda, itakuwa heri.

Kangomba kuna ubaya gani, kama nina shida mwezi wa nane?

Kangomba ni kuuza korosho nje ya mnada: unauza korosho ambayo bado ni ua, kwa kipimo cha bakuli, kwa bei isiyofika nusu ya mnada mara nyingi, na ni kinyume cha sheria. Mstaafu ana pensheni, hana sababu ya kufika huko. Ule mfuko wa miezi sita ndio dawa yake.

Ufuta, mbaazi, kuku?

Ufuta wa Lindi ni mzuri kwa mstaafu kwa sababu mzunguko wake ni mfupi na fedha yake huja kati ya Mei na Julai, wakati wa korosho bado. Mbaazi hufuata. Zote mbili zinapita kwenye stakabadhi ghalani, yaani mazao yanawekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Kuku wa kienyeji sawa, lakini chanjo ya kideri kila miezi mitatu bila kuruka, la sivyo utazika banda zima asubuhi moja.

Nijenge wapi?

Kabla ya tofali, uliza ardhi ni ya nani. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi unafuata upande wa mama, na mume huhamia kwa kina mke. Maana yake ni kwamba wanaume wengi wamejenga nyumba ya maisha yao kwenye kiwanja cha ukoo wa mke, bila karatasi. Mke akitangulia, wajomba wanarudi kudai eneo lao, na mzee wa miaka 70 anaambiwa tofali ni zako, ardhi si yako. Upande wa mke nao yapo: nyumba imejengwa kwa fedha za wote wawili kwenye eneo la ukoo wa mume, kisha wapwa wanakuja.

Njia ni kukaa na wazee wa ukoo wakiwa hai, kuandika makubaliano mbele ya serikali ya kijiji, na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya wote wawili, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mjini, nunua kiwanja kilichopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukathibitishe namba ya kitalu na jina la mmiliki kabla ya kutoa hata laki moja.

Karibu na bahari, Mikindani, Shangani au Lindi mjini, chumvi ndiyo adui. Usikubali mchanga wa ufukweni kwenye zege. Nondo zitaoza ndani na zege itapasuka kwa urefu. Bati liwe nene, geji 28 na si 30, na misumari yenye mpira.

Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, adui ni ukosefu wa maji. Jenga tenki kabla ya sebule. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 72,000. Familia inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji lita 21,000 kuvuka siku 210 za kiangazi. Kwa hiyo tenki la lita 25,000 linatosha, mradi mifereji ya paa ikamilike pande zote. Wengi huweka mfereji upande mmoja wa mbele, na nusu ya maji yanamwagika nyuma ya jiko. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Nyumba za kupangisha Mtwara mjini zinalipa?

Zinaweza, polepole. Kumbuka miaka ya gesi: watu walijenga kwa kutegemea wageni wa makampuni, wageni wakapungua, vyumba vikabaki. Lindi sasa wanazungumza vivyo hivyo kuhusu mradi wa gesi wa Likong'o. Jenga vyumba ambavyo mwalimu, muuguzi na mwanafunzi wa chuo wanaweza kulipa. Mradi mkubwa ukija, ni ziada.

Nimeambiwa naweza kukopa kwa dhamana ya pensheni.

Benki zinatoa, na kama ni kwa jambo la lazima, soma jedwali lote la marejesho na uulize bima ya mkopo inafanya nini ukifariki. Wanaokuangamiza ni wale wa kausha damu, wanaochukua kadi yako ya ATM pamoja na namba ya siri. Kila tarehe ya pensheni wanatangulia wao mashineni, wewe unaletewa kilichobaki. Kadi ya ATM haikabidhiwi mtu. Ukiwa tayari umeikabidhi, nenda benki leo na kitambulisho chako, uifunge, uombe nyingine, kisha deni ulizungumze mbele ya serikali ya mtaa au polisi kama kuna vitisho.

Watoto na ndugu wote wanajua nimelipwa. Nisemeje?

Kwanza, mwenzi wako ajue kiasi kamili. Siri kati ya mume na mke ndiyo inayofungua mlango wa wengine. Wengine hawahitaji kujua namba.

Pili, weka fungu la ndugu mapema, kiasi unachoweza kukitoa bila kukitazama tena, na likiisha limeisha mpaka mwakani. Jando na unyago, harusi, misiba: ni mambo yetu na yana heshima yake, na mstaafu hawezi kukaa nje. Lakini ngoma nyingi huangukia baada ya mavuno, na mstaafu hutazamwa kama aliye na mavuno mwaka mzima. Sema kiwango chako kwa mjomba au mwenye shughuli kabla kikao hakijapanga michango. Baada ya kikao ni vigumu.

Tatu, usimpe mtoto mtaji wa mradi ambao hana uzoefu nao. Bodaboda aliyopewa kijana ambaye hajawahi kuendesha biashara hurudi kwako kama bili ya hospitali.

Matibabu baada ya kustaafu?

Mtumishi wa umma aliyekuwa akikatwa NHIF (bima ya afya ya taifa) huendelea kutibiwa na mwenzi wake bila makato, kwa masharti ya miaka ya uchangiaji, watoto hawamo. Badilisha kadi kuwa ya mstaafu kabla ya ile ya kazini haijazimwa. Kama hukuwa kwenye bima, jiunge ukiwa mzima.

Presha na sukari pimwa kila mwezi kwenye zahanati ya karibu na uandike kwenye daftari. Ujue pia rufaa yako inaelekea wapi: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda na Nyangao kwa walio barabara ya Masasi, na juu ya hizo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji kutoka kijijini mpaka huko iwe imetengwa, kwa taslimu, ndani ya nyumba. Bima hailipi bajaji ya usiku.

Wosia ni lazima?

Si lazima, lakini huku ambako ukoo wa mama, dini na sheria za nchi hukutana kwenye shamba moja, kutouandika ni kuwaachia watoto kesi. Wosia wa maandishi kwa sheria ya kimila unataka mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, na wanne kama mwenye wosia hajui. Mashahidi wasiwe warithi. Mwislamu anaweza kuusia mpaka theluthi moja, na si kwa mrithi. Mengine yanakwenda kwa mafungu ya mirathi. Unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa Serikali wa usajili na ufilisi. Orodhesha mashamba kwa mipaka na idadi ya mikorosho, akaunti, vipande vya UTT, na madeni unayodai.

Siku zitajaaje?

Hili watu huona aibu kuliuliza. Aliyezoea kengele ya saa moja na nusu kwa miaka thelathini anaamka na hana pa kwenda, na mwezi wa tatu anaanza kugombana na kila mtu nyumbani. Panga wiki kabla ya kustaafu. Asubuhi iwe na kazi ya mikono, shamba au bustani, mpaka jua linapokuwa kali. Siku mbili za wiki ziwe za watu: kamati ya shule, bodi ya AMCOS, msikiti, kanisa, kikundi cha VICOBA. AMCOS nyingi zina njaa ya mtu anayejua kuandika muhtasari na kusoma hesabu. Jioni bao, wajukuu, au kutembea mpaka pwani na kurudi. Mwanamke aliyestaafu mara nyingi hurudishiwa jiko lote na wajukuu wote siku ya kwanza. Naye ana haki ya wiki yake, na izungumzwe mapema.

Nimepigiwa simu, wanasema faili langu limekwama, nitume elfu hamsini.

Ni matapeli. Mafao hayana ada ya kusukuma faili. Kata simu, nenda ofisi ya mkoa ya mfuko wako mwenyewe.

Pensheni imekatika ghafla. Nianzie wapi?

Kwanza uhakiki. Mstaafu huhakikiwa kuthibitisha yu hai, na anayepitwa na muda husimamishiwa malipo. PSSSF wana programu ya simu, PSSSF Kiganjani, inayokuwezesha kujihakiki kwa sura. Kama simu ya mjukuu inasumbua, nenda ofisini na kitambulisho cha NIDA. Pili benki: akaunti inaweza kuwa imelala, au kadi imeisha muda, na fedha ipo. Tatu, namba ya simu uliyoandikisha ilishapotea, na ujumbe wote umekwenda kwa mtu mwingine. Ukishahakikiwa, uliza malimbikizo ya miezi iliyosimama yatalipwa tarehe gani, na uandike jibu hilo pamoja na jina la aliyekuhudumia.